Mkabaji Arudi Halder

Lorna Behrens aliegesha gari mbele ya ukumbi wa michezo wa shule ya Halder, na wanaume waliokuwa mlangoni wakivuta sigara wakanyamaza. Aliwajua wote. Mzee Elwin Rasmus, aliyesimamia ghala la mahindi la mji maisha yake yote na ambaye sasa alikuwa mwenyekiti wa mashabiki wa timu ya shule, alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akawaambia wenzake bila kupunguza sauti:

"Kumbe kaja kweli. Mie nilidhani ana haya."

"Habari za jioni, Mzee Elwin," Lorna akasema.

"Zilikuwa nzuri mpaka sasa hivi."

Wenzake wakacheka. Hakuna aliyemfungulia mlango. Lorna akausukuma kwa bega, maana mikononi alikuwa na mkoba wenye fomu na sanduku la keki ambalo moyoni alijua halitafunguliwa.

Kwa kawaida kocha wa chuo humfuata mchezaji nyumbani kwao. Hukaa kwenye kochi, hula anachopewa, husifu picha za ukutani, kisha hutoa fomu ya kujiunga na timu yake. Lorna alikuwa amekaa kwenye makochi mengi kwa namna hiyo. Lakini alipompigia simu Jolene Vavra kuhusu binti yake Corinne, Jolene alimjibu kwa maneno machache:

"Kwangu hutii mguu. Njoo Jumanne kwenye chakula cha mashabiki. Kama unamtaka mwanangu, utamwomba mbele ya watu."

Basi akaja. Muda wa kutia saini fomu za vyuo ulikuwa unakwisha kesho yake. Corinne alikuwa hajafikisha umri wa kujitilia saini peke yake, ilitakiwa na ya mzazi, na baba yake, mfuga nguruwe asiyependa maneno, alikwisha kusema kwamba mambo ya mpira wa kikapu ni ya mama mtu. Mkuu wa michezo wa Chuo cha Tarrant, alikokuwa kocha, naye alikuwa amemwita Lorna ofisini, akamwambia huku akitazama dirishani: "Misimu miwili mfululizo tumeshindwa. Mlete msichana huyo. Ukimkosa, usije kuniuliza habari za mkataba." Lorna hakumchukia kwa hilo. Angekuwa yeye upande ule wa meza, huenda angesema vilevile.

Ukumbini harufu ilikuwa ileile ya Novemba zote alizozikumbuka: nta ya sakafuni, maharage ya nyama yenye pilipili, na mikate ya mdalasini iliyopakwa sukari. Meza zilipangwa juu ya uwanja wenyewe, na chini yake turubai, ili mbao zisichubuke. Mji ulikuwa umejaa humo. Lorna alipopita, mazungumzo yalikatika meza moja baada ya nyingine, kisha yakaanza tena nyuma ya mgongo wake.

Aliyekuwa akipakua ni Arvella Dorn. Zamani walicheza bega kwa bega.

"Unakula vyakula vyetu bado?" Arvella akauliza, upawa ukiwa hewani. "Au siku hizi ni hoteli kwa hoteli?"

"Nipakulie tu, Arvella."

"Nasikia Tarrant wana mpishi wa timu. Mpishi! Sisi tulipewa chungwa moja kila mtu, tukagawana na dereva." Akatia maharage kidogo sana chini ya bakuli, akachagua mkate uliokuwa umeungua pembeni, akauweka juu. "Haya, Kocha. Ukishiba sema."

"Asante."

"Usinishukuru. Nimeambiwa nimpakulie kila anayekuja, hata wewe."

* * *

Asiyetoka Iowa, jimbo la mashamba huko Marekani, hawezi kuielewa chuki ile mpaka aujue mchezo wenyewe. Zamani wasichana wa jimbo lile walicheza mpira wa kikapu wa watu sita. Watatu, wafungaji, walikaa nusu ya uwanja yenye kikapu chao. Watatu, wakabaji, walikaa nusu ya pili, kazi yao kuwazuia wafungaji wa timu pinzani. Hakuna aliyevuka mstari wa katikati. Na mwenye mpira aliruhusiwa kuudunda mara mbili tu. Baada ya hapo arushe au atoe pasi.

Miji midogo iliupenda mchezo huo kuliko mvua ya mwezi wa sita. Mabinti wa wafuga nguruwe waliwanyoa wa mijini bila maji, na Halder nzima ikafunga maduka ikapanda mabasi kwenda kushangilia makao makuu ya jimbo. Jolene alikuwa mfungaji. Akiinua mkono, mpira ulikuwa umeshaingia. Kilichobaki ni kuusikia wavuni. Watu walimbebesha maua, wakawapa ndama jina lake. Lorna alikuwa mkabaji. Alicheza miaka yote ya shule bila kurusha mpira kikapuni hata siku moja, kwa sababu upande wake haukuwa na kikapu cha kwao. Katika picha ya timu yeye ndiye yule wa pembeni ambaye nusu ya uso imefunikwa na bega la mwenzake.

Vyuo havikuwataka wakabaji. Lorna alikwenda chuo cha ualimu kwa fedha za baba yake, na timu ya huko, iliyocheza ule mchezo wa watu watano ambao kila mtu hukimbia uwanja mzima, ilimpokea kwa sababu ilipungukiwa na mtu wa kubeba mipira. Kila asubuhi kabla ya masomo aliingia ukumbini peke yake akajifunza kurusha. Hakuwa na mwalimu. Alirusha, akatazama mpira ulipoangukia, akasogeza kiwiko, akarusha tena. Alikuwa mtu mzima alipofunga pointi zake za kwanza. Waliokuwepo hawakushangilia, kwa kuwa hawakujua kulikuwa na kitu cha kushangilia.

Kutoka hapo alipanda polepole. Alifundisha hesabu na mpira katika shule ambayo ukumbi wake ulivuja. Alikuwa msaidizi wa makocha watatu, wawili kati yao wakimwita "dada wa mikanda" kwa kuwa kutwa alikuwa mbele ya runinga, anatazama mkanda wa mchezo uleule, anaurudisha nyuma, anautazama tena. Aliendesha gari la timu, akafua jezi za timu. Tarrant walipomchukua awe kocha mkuu, gazeti la huko liliandika jina lake vibaya. Mara mbili aliipeleka timu hiyo kwenye mashindano ya taifa, ndipo wakajifunza kuliandika.

Halder hawakumpongeza. Kisha, miaka mitano kabla ya jioni hii, kikaitwa kikao cha jimbo kuamua kama mchezo wa watu sita uendelee au ufutwe. Lorna akaalikwa, akasema ufutwe. Ukafutwa. Baada ya hapo shule kubwa zenye wasichana wengi wa kuchagua zikaanza kushinda kila mwaka, na mabasi ya Halder hayakwenda tena popote. Mjini watu walilisema jambo hilo kama wanavyosema habari ya aliyetia moto ghala.

* * *

Jolene alikuja akakaa mbele yake. Alikuwa mnene kidogo sasa, nywele amezifunga nyuma, mikono mikubwa ileile. Corinne akakaa kando ya mama yake: mrefu, mwekundu wa nywele, macho kwenye bakuli.

"Umezeeka," Jolene akasema.

"Wote tumezeeka."

"Mie nimezeeka hapa. Sema ulichokuja kusema."

Lorna akasukuma bakuli pembeni. "Nimemtazama Corinne akicheza mara nyingi. Ana mkono wako. Sijaona mkono mwingine kama huo tangu wako. Nataka aje Tarrant, masomo yote yalipiwe."

"Kuna chuo kingine. Wamesema ataanza siku ya kwanza. Mchezo wa kwanza, timu ya kwanza. Wewe je?"

Makocha wengine walikwisha kumwacha Corinne kimyakimya, wakisema ni mzito, akipata mpira anaganda. Lorna alimwona akiganda mara moja tu akaelewa. Msichana alidunda mpira mara mbili, kisha akaushika kwa mikono miwili, wakati njia mbele yake ilikuwa nyeupe. Mara mbili, akaushika. Mara mbili, akaushika. Alikuwa amechelewa kuzaliwa, hakuuwahi mchezo wa zamani, lakini kuna mtu aliyemfundisha mchezo huo ghalani kwao tangu akiwa mdogo, kwa mapenzi yote, na ukamwingia mwilini.

"Mwaka wa kwanza atakaa benchi," akasema.

Corinne akainua macho.

"Heee!" Mzee Elwin, aliyekuwa meza ya jirani, akageuza kiti kizima. "Mmesikia? Mtoto wa Jolene, benchi! Mkabaji anamweka mfungaji benchi! Haya, dunia imekwisha, tugawane keki."

"Mzee, sikusema na wewe."

"Mbona mimi nasema na wewe? Uliua mchezo wetu, sasa unakuja kuokota mifupa."

Meza za karibu zikapigwa kwa viganja. Mtu nyuma akaita, "Rudi upande wako!" na kicheko kikapita ukumbini, kicheko kisicho na furaha. Jolene hakucheka. Alingoja kelele ziishe.

"Nisikilize, Lorna. Mwanangu anakutaka wewe, sijui kaona nini kwako. Nimembembeleza, nimemfokea, kashikilia Tarrant. Basi nina sharti moja. Simama hapo mbele, wape watu walichokuja kukisikia. Sema ulikosea kwenye kile kikao. Ukisema, natia saini. Usiposema, chukua keki yako uende."

Lorna akatazama mkoba wake. Lilikuwa jambo jepesi. Maneno mawili matatu, kisha fomu, kisha mkataba, kisha nyumba yake na mikanda yake. Watu hawa walimchukia alipowasili na wangemchukia akiondoka, nani angepungukiwa? Akasimama, akaenda mbele, na Mzee Elwin akampa kipaza sauti kama mtu anayempa mwizi koleo achimbe kaburi lake mwenyewe.

Ukumbi ukatulia. Kule kwenye sufuria Arvella aliuweka upawa chini.

"Mnataka niseme nilikosea," Lorna akaanza. Sauti yake ilikuwa ndogo siku zote. Wachezaji wake walizoea kuinama kumsikiliza. "Nimelifikiria hili miaka mitano. Kuhusu mchezo, siwezi. Nilikaa upande mmoja wa uwanja huu miaka minne, nikitazama migongo ya wenzangu wakifunga. Arvella alikuwa na mbio kuliko wote mjini hapa, na hakuna aliyewahi kujua kama anaweza kufunga, hata yeye mwenyewe. Nikiulizwa tena, nitajibu vilevile."

"Keti chini!" mtu akapaza.

"Toka nje!"

"Lakini kuna jambo nililokosea," Lorna akaendelea, na hapa alitafuta maneno kwa uangalifu, kwa kuwa alitaka kumtendea haki mwenzake. "Nilimtaja Jolene. Alikuwa amekaa mle ndani, amekuja kuutetea mchezo, nami nikamtaja kwa jina. Nilisema mfungaji bora wa jimbo hili alikwenda chuo kikuu, na kabla ya Krismasi wakamrudisha nyumbani, kwa sababu hajui kukaba na hawezi kudunda mpira mara ya tatu. Nikasema mchezo wetu umemlea kilema. Neno hilo halikuwa haki yangu kulisema. Jolene, naomba radhi."

Alitarajia makelele. Hayakuja. Watu walikuwa wamegeuka, lakini si kumtazama yeye. Walimtazama Jolene.

Ndipo Lorna alipofahamu alichokifanya. Alidhani wanajua. Alidhani yaliyosemwa kikaoni yalifika Halder kabla ya yeye kufika kwake, kama mambo yote yalivyofika Halder. Kumbe Jolene alirudi siku ile akasema tu kwamba hakupewa nafasi ya kuzungumza, na miaka yote hakumwambia mtu.

"Mama," Corinne akasema. Katika ukimya ule sauti ilisikika mpaka jikoni. "Si ulisema ulirudi kwa sababu babu aliumwa?"

Jolene akasukuma kiti chake nyuma.

"Babu yako alikuwa mzima kama ng'ombe," Mzee Elwin akasema polepole, kwa mshangao, kama mtu anayejisemea. "Krismasi ile alinisaidia kupakia mahindi."

"Elwin, funga domo," Arvella akasema kutoka kwenye sufuria.

Jolene akainuka. Uso ulikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alitembea kati ya meza mpaka mbele, akasimama karibu na Lorna kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Ulinivua nguo mbele ya wageni," akasema. "Haikukutosha. Leo umekuja kunivua mbele ya watu wangu. Na mbele ya mwanangu."

"Sikujua kwamba hawajui."

"Hukujua! Wewe unayetazama kitu mara mia kabla hujasema! Hukupiga hata simu ukaniuliza!"

Ilikuwa kweli. Kwa mchezaji wa timu pinzani ambaye hajawahi kumwona, Lorna angefanya uchunguzi wa wiki nzima. Kwa Jolene hakuuliza hata swali moja.

"Sasa nijibu moja, na usinipake mafuta," Jolene akasema. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa Lorna, kikawa kinachukua sauti zote mbili. "Mimi wa mwaka ule wa chuo. Nilivyokuwa. Ungekuwa wewe ndiye kocha, ungenichezesha?"

"Hapana."

Ukumbi ukaguna. Kiti kikaanguka mahali fulani.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungeumbuka. Wangekupita kila wakishika mpira, na wewe ungeganda. Ningekukalisha mwaka mzima, kila asubuhi ukifundishwa kukaba na kudunda, na ungenichukia. Mwaka wa pili ungecheza. Wa tatu hakuna ambaye angekuzuia, na anayesema hivyo ndiye aliyekukaba kila siku mazoezini."

Jolene akapunguza sauti.

"Mimi waliniahidi nitaanza," akasema. Hakuwa akizungumza na watu tena. "Siku ya kwanza, timu ya kwanza. Wakanianzisha. Michezo minne. Watu wakacheka, Lorna. Nilikuwa nikishika mpira nasikia vicheko. Kisha yule bwana akaniambia nifungashe. Hakusema kuna mwaka wa pili. Wala mimi sikujua kwamba kuna kitu kama hicho, mwaka wa pili."

"Najua."

"Hujui. Unajua ya kwenye mikanda." Akageuka. "Corinne! Hao wengine walikuahidi nini?"

"Nitaanza," Corinne akasema. "Siku ya kwanza."

"Walikwambia utajifunza nini kwanza?"

Msichana akafikiri. "Hawakusema."

Jolene akarudi mezani kwa hatua nzito. Akauvuta mkoba wa Lorna kama wake, akafungua, akatoa fomu. Akapapasa mfuko wa shati la Mzee Elwin, akachomoa kalamu bila kuomba.

"Jolene," Mzee Elwin akasema, "hajasema alikosea. Tulikubaliana aseme alikosea."

"Nani alikubaliana na wewe? Kwani mtoto ni wako?"

"Mji mzima umekaa hapa..."

"Mji mzima mngempeleka mwanangu akachekwe, kisha mkamletea maua." Akainama, akatia saini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kwenye herufi ya mwisho, akaisukuma kwa Corinne. Corinne akaandika jina lake haraka. Hakumtazama mama yake wala kocha.

Lorna akaja kuichukua. Jolene aliishika kwa upande wake, hakuiachia.

"Sijakusamehe. Usije ukawaambia watu huko kwamba tumepatana."

"Sitawaambia."

"Na ukimkalisha, kila siku atakayouliza kwa nini, umwambie kwa nini. Usoni. Asije akakaa miezi anabahatisha."

"Nitamwambia."

"Hata akilia."

"Hata akilia."

Jolene akaachia karatasi. "Haya, toka. Watu wanataka kula."

Corinne akasimama kama anayetaka kumsindikiza, mama yake akamshika mkono. "Wewe kaa. Kwake utakwenda mwezi wa nane. Leo uko kwangu, na una mengi ya kuniuliza."

Lorna akavaa koti. Sanduku la keki aliliacha pale lilipokuwa, limefungwa. Kati ya meza kulikuwa na njia moja tu ya kufika mlangoni, na kiti cha Mzee Elwin kilikuwa kimeiziba. Alingoja kidogo. Mzee akatia kijiko kwenye maharage, akala, akafuta ndevu, akala tena. Arvella aliyaona hayo kutoka jikoni. Akaendelea kupangusa meza ya sufuria.

Basi Lorna akazunguka nyuma, kwa upande wa ukuta, akipita mmoja baada ya mwingine migongo ya watu aliokua nao, fomu ameikumbatia kifuani ili isikunjike.